Msanifu Asiye na Mhuri

Mtaa mzima ulimwita Msanifu, na jina lenyewe hakujipa. Alipewa na fundi cherehani wa pale kona, mwaka ule alipomchorea ramani ya nyumba ya vyumba vitatu na sebule, kwa ujirani mwema, bila kuchukua hata senti. Fundi cherehani, mtu wa maneno mengi asiyevua futi ya kupimia shingoni hata akienda msibani, aliikunjua ile ramani mbele ya wateja wake akatangaza, "Mnaona? Mtaani kwetu tuna msanifu majengo, na nyie hamna habari!"

Siku hiyo angeweza kusema, "Hapana, ndugu yangu, mimi ni mchoraji tu." Maneno saba, hayazidi. Hakuyasema. Alicheka, akajikuna kisogo kama mtu asiyependa sifa, na kilemba cha ukoka kikamkaa kichwani miaka ishirini na miwili.

Tusimwonee. Asiye na kazi za ujenzi hajui tofauti, na wengi hata hawaioni. Msanifu ndiye anayeibuni nyumba kisha anaibeba: ikivuja, ikipata nyufa, ikikosa hewa, anayeulizwa ni yeye. Amesoma miaka mingi, amefanya mitihani ya bodi, ana mhuri. Mchoraji huyachukua mawazo ya mwenye mhuri, mara nyingine yamechorwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha, akayanyoosha kwa vipimo mpaka fundi aweze kujenga. Kwenye kona ya chini ya kila karatasi kuna kisanduku chenye mistari mitatu: imechorwa na, imekaguliwa na, imeidhinishwa na. Herufi mbili za jina lake zilikaa mstari wa kwanza kwa miaka ishirini na sita. Chini yake palikuwa na saini ya mtu mwingine.

Na mchoraji alikuwa hasa. Alianza enzi za karatasi inayopenyeza mwanga na kalamu za wino, ukikosea unakwangua kosa kwa wembe, taratibu, pumzi umeibana, mpaka mstari unatoka na karatasi haitoboki. Ofisi nzima ilikuwa ikimletea makosa yake ayakwangue. Kompyuta zilipokuja, wenzake wawili waliacha kazi. Yeye alijifunza kwa miezi minne, vidole viwili, akarudi kuwa wa kwanza. Mzee mwenye ofisi alipenda kusema kwamba mkono ule ungeweza kumchorea mbu ngazi ya kupandia kitandani.

Lakini mkono si cheti. Ujanani aliutaka usanifu wenyewe, hesabu zikamwangusha mara mbili, akaishia kwenye kozi ya uchoraji ramani ya miezi kumi na minane. Nyumbani kwao alisema amepata chuo cha ujenzi. Mchumba wake alimwambia anafanya kazi ofisi ya wasanifu. Huwezi kumkamata kwa uongo hata mmoja hapo. Alikuwa stadi wa kusema nusu ya jambo na kuiacha nusu nyingine ijichore yenyewe kichwani mwa msikilizaji.

Ile nyumba ya fundi cherehani ilivuja tangu masika ya kwanza, pale juu ya choo ambapo mapaa mawili yalikutana. Mtaa ukamlaumu fundi wa bati, maskini, mpaka akahamisha shughuli zake. Msanifu alijua kosa lilikuwa la mchoro. Alilitazama mara moja tu, akainamisha macho, na tangu hapo hakupitia tena upande ule wa nyumba.

Alikuwa na binti mmoja. Alimkuza chini ya meza ya kuchorea, akimpa vipande vya karatasi vilivyobaki, na mtoto akachora milango kabla hajajua kuandika jina lake. Alipomaliza shule, matokeo yake yalikuja mazuri kiasi kwamba mama yake aliyasoma kwa sauti, kisha akayasoma tena akiwa amesimama mlangoni, makusudi majirani wasikie. Hesabu zilizomwangusha baba, binti alikuwa amezipita kwa alama za juu.

Jumamosi mchana walikaa sebuleni kujaza fomu ya chuo kikuu. Kompyuta iliazimwa ofisini. Shahada za majengo zilikuwa mbili, na binti alikuwa amezisoma mpaka macho yakamwuma. Ya kwanza ilikuwa Shahada ya Usanifu Majengo, miaka mitano. Ya pili ilikuwa Shahada ya Michoro na Teknolojia ya Majengo, miaka mitatu.

"Baba," binti alisema, "zote wanasema zinahusu usanifu. Ipi inanifikisha? Wewe ulisoma ipi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kuteremka, na ngazi ilikuwa imewekwa. Mkewe alikuwa amekaa pale anachambua mboga, amemgeukia mumewe kwa fahari. Msanifu alivaa miwani. Aliomba orodha za masomo, akazipitia moja moja kwa kidole, akahesabu michoro, kwa sababu usanifu alioujua yeye ulikuwa unaanzia na kuishia mezani pake. Shahada ya miaka mitatu ilikuwa na michoro kila muhula. Ile ya miaka mitano ilikuwa na somo moja la uchoraji mwaka wa kwanza, kisha historia ya majengo, hali ya hewa, tabia za watu mijini, na kitu kinaitwa studio, kila muhula, saa nyingi kuliko vyote. Hakujua studio ni nini. Kuuliza kungemuumbua.

"Hii ya miaka mitano naona wanapiga domo tu," alisema. "Historia, tabia za watu… Wewe unakwenda kujenga au kuhubiri? Usanifu ni mkono, mwanangu."

"Kwa hiyo wewe ulipita hii ya miaka mitatu?"

"Hiyo hiyo," alisema, na kidole chake kikagonga kioo cha kompyuta. Huu sasa ulikuwa uongo mzima, hauna nusu.

Binti akaiweka chaguo la kwanza. Chini kidogo palikuwa na nafasi ya kazi ya mzazi. Hakuuliza, aliandika "msanifu majengo", akaendelea. Baba aliyaona maneno yale vizuri sana. Alivua miwani akaanza kuifuta kwa pindo la shati, akajitia hamnazo mpaka ukurasa ukapita.

Jumanne, ofisini, bosi alimuuliza habari za binti. Bosi huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeirithi ofisi baada ya Mzee kustaafu, na mhuri wa siku hizi ulikuwa wake. Alimwita "mzee wangu" na kumletea chai mwenyewe.

"Amechagua Michoro na Teknolojia," Msanifu alisema, kifua mbele. "Miaka mitatu tu, anatoka."

Bosi aliiweka chini kalamu. "Mzee wangu, si ulisema anataka kuwa msanifu?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo siyo. Ukitoka na hiyo, bodi haikupokei kwenye mitihani yao. Hupati mhuri, labda urudi uanze mwaka wa kwanza. Hiyo ni ya kutoa mafundi wa michoro. Akimaliza atakuwa… atakuwa msaidizi mzuri tu wa ofisini, wa kuwachorea…" Alikuwa amemkumbuka anayeongea naye. "Samahani, mzee wangu. Sikuwa na maana hiyo."

"Hujakosea," alisema Msanifu. Masikio yalikuwa yanamchoma kama amepigwa kofi mbele za watu. Akajikaza akauliza, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda, "Hivi hiyo studio wanafanya nini hasa?"

"Studio ndiyo shule yenyewe," bosi alisema. "Unapewa kiwanja na watu wa kukaa hapo, unabuni, halafu unasimama mbele ya wenzako na walimu, wanauchanachana mchoro wako huku unatazama. Ukilia unalia, kesho unaleta mwingine. Ndipo unapojifunza kufikiri." Aliiangalia kalenda ukutani. "Dirisha la kubadili linafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Mwambie. Wewe anakusikiliza."

Anakusikiliza. Neno hilo lilimfuata kutwa nzima. Ndiyo, alikuwa amemsikiliza, na ndiyo maana alikuwa anapotea.

Jumatano alijaribu kupita njia ya panya. Wakati wa chakula alisema, kama mtu aliyekumbuka tu, "Unajua, nimesikia ile ya miaka mitano ndiyo inayosifiwa siku hizi."

Binti alicheka. "Baba! Si ulisema wanapiga domo?"

"Mambo yanabadilika."

"Yamebadilika tangu Jumamosi? Wewe umesoma mitatu, na nani mtaani hakuamkii? Mimi nataka kupita ulikopita."

"Usimchanganye mtoto," mama alidakia. "Kachagua, kachagua."

"Au nipe cheti chako," binti alisema, akiwa sasa amekunja uso kidogo, maana alikuwa mtoto wa vipimo, "tulinganishe masomo yako ya zamani na haya. Tuone kilichobadilika."

"Kiko ofisini," alijibu upesi. Cheti kilikuwa nyumbani, ndani ya bahasha, chini ya mashuka kwenye kabati, hatua kumi na mbili kutoka pale alipokaa. Chakula kikamshinda.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa imetimiza miaka ishirini na miwili, na sasa alimwona mtoto wake mwenyewe amesimama mwisho wake, anauangalia ukuta. Alipiga mahesabu kitandani, kazini, bafuni. Akinyamaza, binti atasoma miaka mitatu kwa bidii, atakuja kukaa kwenye meza kama yake, herufi mbili mstari wa kwanza, na siku moja bosi fulani atamwambia maneno aliyoambiwa yeye Jumanne, bila hata kumwomba samahani. Akisema, atabaki na nini? Hapo alikuwa anaona haya hata kufikiri. Maana jambo lililomtia aibu kuliko yote ni kwamba alikuwa bado anapima, Alhamisi nzima, kana kwamba mizani ilikuwa na pande mbili sawa. Jioni fundi cherehani alimpigia kelele kutoka kona: "Msanifu! Nasikia binti anafuata nyayo!" Msanifu akampungia mkono na kuongeza mwendo.

Ijumaa saa saba aliomba ruhusa. Alifika nyumbani, hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akatoa mashuka yote yaliyokunjwa, na mkewe akamfuata kuuliza kulikoni. Alirudi sebuleni na bahasha. Binti alikuwa anasoma dirishani.

"Uliomba cheti," alisema.

Binti alikisoma, akakigeuza, akaangalia nyuma kama vile kilichobaki kingekuwa huko. "Cheti cha Uchoraji Ramani. Miezi kumi na minane." Akainua macho. "Hiki ni cha kwanza. Cha shahada kiko wapi?"

"Hakuna. Sikuwahi kuingia chuo kikuu. Mimi si msanifu, mwanangu. Sijawahi kuwa. Nilikuonyesha ile ya miaka mitatu kwa kuhesabu michoro, nikaona inafanana na kazi yangu. Inafanana kweli. Itakufikisha nilipo mimi, haitakuvusha."

Mama aliketi juu ya mkono wa kochi. Alikuwa bado ameshika shuka moja.

"Na zile nyumba?" binti aliuliza. "Ulizokuwa unanionyesha tukipita. Ile shule ya ghorofa. Ile zahanati."

"Nimezichora. Alizibuni Mzee. Siku hizi bosi."

"Hakuna hata moja?"

"Moja," alisema. "Ya fundi cherehani."

"Ile inayovuja," alisema mkewe. Hakusema kwa kejeli, alikuwa anaiweka tu pamoja na mengine. Lakini Msanifu alijisikia anavuliwa nguo sebuleni kwake, na hakuwa na mahali pa kuweka mikono.

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Baba, mimi sikudhani tu," alisema. "Nilikuuliza. Nilikaa hapo nikakuuliza kwa mdomo wangu."

"Uliniuliza."

"Na juzi nikakuuliza tena."

"Ukaniuliza tena."

Kisha binti akauliza ni saa ngapi, mama akasema saa nane na nusu, na binti akaivuta kompyuta. Hivyo ndivyo alivyokuwa: kulia alikuweka baadaye, baada ya saa kumi. Fomu ya kubadili ilikuwa fupi. Chaguo jipya: Usanifu Majengo, miaka mitano. Sababu ya kubadili: hapo vidole vilisimama, kisha vikaandika, "Nilishauriwa na mtu asiye wa taaluma hii." Akamgeuzia baba yake kompyuta. Hakukusudia kumchoma. Alitaka kujua kama ni sahihi, kwa kuwa mpaka Jumamosi iliyopita ndiye aliyekuwa akimwuliza kila kitu.

"Niache hivi?"

Alisoma mara mbili. "Acha. Ndivyo ilivyo."

Akashuka kwenye kazi ya mzazi. Maneno ya Jumamosi yalikuwa yamejileta yenyewe. Akayafuta herufi moja moja kutoka nyuma, na baba akayatazama yanavyopungua mpaka ikabaki "msani", mpaka pakabaki peupe.

"Niandike nini?"

"Mchoraji ramani."

Fomu ilitaka saini ya mzazi kwa wino, kisha irudishwe kwa picha. Duka la fotokopi lilikuwa pale kona, mlango kwa mlango na cherehani. Walitembea wawili. Binti alikuwa mbele kwa hatua mbili na hakupunguza mwendo. Karatasi ilitoka kwenye mashine ikiwa bado na joto. Mwenye duka akatoa kalamu, na hapo hapo fundi cherehani akajitokeza, futi shingoni, kama aliyeitwa.

"Aa! Msanifu anatia saini!" alisema kwa furaha. "Nipisheni nione saini ya kisanifu inavyokuwa."

Wateja wawili wa duka wakatabasamu. Msanifu akaishika kalamu. Maneno yalikuwepo, yote saba, yalivyokuwa siku zote.

"Hapana, ndugu yangu," alisema. "Mimi ni mchoraji tu."

Fundi cherehani akapasua kicheko. "Mnamwona? Mnauona unyenyekevu wa mtu huyu? Ndivyo wasomi walivyo, hawajikwezi! Mwingine angekuwa—"

"Anasema kweli, mjomba," alisema binti.

Aliyasema bila kupandisha sauti na bila kumtazama baba yake. Kicheko cha fundi cherehani kilikatikia njiani. Alimtazama binti, akamtazama baba, kisha macho yakampanda polepole kuelekea juu, kwenye paa ambalo halikuwa hapo bali mitaa miwili nyuma, na mkono ukaishika futi.

"Sasa…" alianza. "Kumbe yule fundi wa bati…"

"Hakuwa na kosa," alisema Msanifu. "Ni mchoro wangu. Nitakuja kesho nikuonyeshe."

Mwenye duka alijishughulisha na mashine isiyokuwa na karatasi. Msanifu akainama. Kwa miaka ishirini na sita kila karatasi iliyotoka mkononi mwake ilisainiwa na mwingine. Hii ilimngoja yeye, na juu ya mstari wa saini palisomeka sababu, kisha kazi yake. Mkono ambao ungemchorea mbu ngazi uliikandamiza kalamu mno. Herufi ya kwanza ikatoka nzito, wino ukajikusanya, ukaacha doa la ukubwa wa punje ya mtama. Bila kufikiri akapeleka mkono mfukoni, mahali alipokuwa akiuweka wembe zamani.

"Acha, Baba," alisema binti, akaivuta karatasi kwake. "Tunatuma hivyo hivyo."